Mlolongo wa Birika

Kariandusi,
9 Juni 2007

Kwa ndugu yangu Makokha,

Mulembe, yaya, mtoto wa mama. Mulembe kwa bibi yako, kwa watoto, kwa ng'ombe, na kwa yule mbwa alinirarulia leso Krismasi ile nyingine. Hata yeye nimemsalimia. Sisi huku ni wazima. Baridi imeingia, na upepo ya kutoka ziwani inapeperusha ile vumbi nyeupe ya machimbo mpaka kuku wangu mweusi siku hizi ni mzee wa mvi. Mjukuu wangu Naliaka ameng'oka jino ya mbele, sasa anacheka akiwa amefunika mdomo kama bibi harusi. Na magoti yako? Tangu uache ualimu kwa sababu ya magoti, mimi nawaza. Chukua mafuta ya ng'ombe, changanya na pilipili kidogo, paka jioni. Itawasha. Wacha iwashe.

Mwenye kuniandikia ni Kuluthum, fundi wa hapa senta anayeshona uniform za shule. Babu yake alitoka pwani, lakini yeye amezaliwa Gilgil na ubishi wake ni wa Gilgil. Nimemwambia aandike vile naongea, asininyooshe. Ningekupigia simu, lakini unajua maneno yangu haiingii kwa credit ya mtu.

Sasa kaa chini. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya shule ya msingi.

Usicheke. Unajua napikia watoto wa hiyo shule uji na githeri tangu niwache kushona magunia kule machimbo. Juzi ilikuwa mkutano wa wazazi. Mwenyekiti wa zamani alihamia Karagita kufanya kazi ya maua, kwa hivyo kiti ilikuwa wazi. Ofisa wa elimu akakuja na pikipiki, ana haraka kama mtu ameacha maziwa kwa moto. Akasema, "Mambo ya karatasi itatuchelewesha. Mnayemtaka, simameni nyuma yake. Mlolongo!" Wanaume wawili wakatoka. Mmoja akasimama kwa goli, mwingine kwa mlingoti wa bendera.

Mimi hayo sikusikia, nilikuwa jikoni. Nikatoka na birika yangu kubwa na vikombe, nikasimama kando ya ua, nimewapa mgongo kwa sababu ya vumbi, nikaita, "Chai!" Si unajua baridi ya Juni? Watu wakapanga laini nyuma yangu. Ofisa akapita na kalamu. Kwa goli, kumi na moja. Kwa bendera, tisa. Kwangu, sitini na nne. Akaniuliza, "Mama, jina?" Nikasema Namalwa, nikidhani anataka kikombe. Akaandika, akapiga mhuri, akapanda pikipiki. Hata chai hakukunywa.

Mwalimu mkuu wetu ni madam Jepkorir, msichana mdogo tu, hana hata miaka arobaini. Akanishika mkono akasema, "Mama, sasa wewe ndiye bosi wangu." Nikamwambia, "Na mimi ni mpishi wako." Sasa asubuhi mimi namuuliza, "Madam, maharagwe niongeze?" Mchana yeye ananiuliza, "Mama, mkutano niite lini?" Mmoja akiingia kwa ofisi hatujui nani atampisha mwingine kiti.

Wewe ulikuwa hedimasta miaka kumi na saba. Niambie, mwenyekiti anafanya nini? Na mwenye hajui kusoma anaifanya namna gani?

Mimi dada yako mwenye alikubeba kwa mgongo mpaka mlango ya shule,
Namalwa. Hiki ni kidole changu.


Webuye,
30 Juni 2007

Mpendwa dada Namalwa,

Barua yako imefika. Sisi hapa hatujambo. Mvua imekuwa nzuri na mahindi yamefika kifuani. Mke wangu anakusalimu. Magoti ni yaleyale, tusiyazungumzie.

Kuhusu jambo uliloniandikia, ushauri wangu ni mmoja: jiuzulu.

Mwenyekiti husoma nyaraka za serikali. Husaini kumbukumbu za mikutano. Hukaa mbele ya watu wenye maneno makali na kuwajibu. Wazazi wanaokunywa chai yako leo watakugeuka kesho asubuhi, nawajua wazazi. Na ukweli wenyewe umeutaja kwa kinywa chako: watu walipanga foleni ya chai. Hawakukuchagua wewe, dada, walichagua birika. Ofisa alihesabu vibaya, na kosa la ofisa halimfanyi mtu kuwa kiongozi. Rudisha kiti kabla hawajakuaibisha, wewe na jina la baba yetu.

Umeniuliza mwenyekiti hufanya nini. Sikuelezi zaidi kwa kuwa hutahitaji.

Nasema kwa upendo,
Makokha


Kariandusi,
18 Agosti 2007

Kwa Makokha,

Mulembe. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikasirika. Kuluthum amekuja mara mbili na kalamu, namwambia rudi, hasira bado ni mbichi. Sasa imeiva, tunaweza kula.

Sisi ni wazima. Jino ya Naliaka imeota, kubwa kama ya babu yake. Ulipaka ile mafuta? Kama imewasha sana, punguza pilipili, usipunguze mafuta.

Sikia sasa vile nimekuaibisha. Zamani vitabu zilikuwa zinaletwa na lori kutoka Nairobi, upende usipende. Siku hizi shule inajichagulia, na kamati lazima ikae pale. Wakaja watu watatu wa kuuza vitabu, kila mtu na tai yake. Mmoja ana kalenda, mmoja ana kalamu, mmoja ananipatia fulana imeandikwa kifuani. Wote wananiongelesha Kizungu. Nikawaacha wamalize, kisha nikaomba kila mtu kitabu yake moja ya darasa la nne.

Makokha, mambo ya ndani siwezi. Lakini miaka kumi na minne nilishona midomo ya magunia, na mshono naijua hata gizani. Nikafungua mgongo. Moja imeshonwa. Mbili zimebandikwa gundi tu, kama bahasha. Yule wa fulana akasema, "Mathe, hiyo gundi ni ya kisasa." Nikamwambia, "Sawa, boss. Tuitundike." Nikachukua vibanio vya nguo, nikatundika kila kitabu kwa kamba ya jikoni, nimeishika kwa karatasi moja peke yake, upepo iichape. Wakacheka mpaka tai zikalegea. Ijumaa, zile mbili ziko chini kwa majivu. Ile ya kushonwa bado inabembea. Wamuyu, mwanakamati mwenzangu mwenye anauza viazi, akasema, "Hata bwana yangu hawezi kuvumilia hivyo."

Nikadhani nimeshinda. Kumbe wapi! Madam Jepkorir akakaa na walimu wake wakasoma ndani, akaniambia kwa heshima, "Mama, hii ya kushonwa ni ngoma tupu. Hesabu yake ni mbovu. Hii moja ya majivuni ndiyo itafundisha mtoto." Nikabisha. Akabisha. Wamuyu akatubishia sisi wote. Tukabishana mpaka uji ikaungua. Mwishowe tukasema hivi: mambo ya ndani ni ya walimu, mgongo ni ya wazazi. Tukanunua ile ya gundi, na kabla mtoto hajaigusa, wazazi wakakuja Jumamosi na sindano za gunia, mimi na Kuluthum tukawaonyesha, tukashona kila kitabu. Wanaume pia. Yule alisimama kwa goli amejidunga mara tatu, lakini alimaliza zake kumi.

Basi. Hiyo ndiyo aibu.

Lakini neno yako iliniingia, sitakudanganya. Walichagua birika. Nikiwa nakoroga uji naisikia. Pengine ni kweli. Kama ni kweli, niandikie wewe hiyo barua ya kujiuzulu, kwa lugha ya ofisi, mimi niweke kidole. Mwenye kusema ndiye aandike.

Na umesema unawajua wazazi. Kwani walikufanya nini?

Namalwa


Webuye,
6 Oktoba 2007

Mpendwa dada,

Natumaini nyote ni wazima. Hapa tumeanza kuvuna. Kila mahali ni siasa na nyimbo za kampeni, hata punda wa jirani amebandikwa picha ya mtu.

Barua uliyoomba imo ndani ya bahasha hii. Nimeiandika kwa heshima, na hakuna atakayekucheka kwayo. Weka kidole pale chini nilipochora mstari, umkabidhi ofisa. Usiikunje mara nyingi.

Wako,
Makokha

Nimesahau kuuliza: uzi mliotumia kwenye vile vitabu ulikuwa wa nailoni au wa katani? Na mlitoboa kabla ya kushona? Nauliza tu.


Kariandusi,
1 Machi 2008

Kwa ndugu yangu,

Mulembe. Neno hilo la amani leo nimelisema polepole, Kuluthum akaniuliza kama nimesinzia. Mulembe kwako, kwa bibi yako, kwa watoto mmoja mmoja kwa jina. Nilipoona bahasha yako ya Januari imefika juzi, mihuri imejaa kama pasipoti, nilijua mko hai, sikungoja hata isomwe.

Naliaka ni mzima. Kuku mweusi hayuko, usiulize. Mambo ya Januari, vile watu walipigana baada ya kura, uliyasikia kwa redio, na mimi sitaki Kuluthum ayaandike kwa mkono yenye inashonea watoto. Nitakuambia ya shule peke yake.

Shule zilitakiwa kufunguliwa, zikaambiwa zingoje. Madam Jepkorir alikuwa ameenda kwao Baringo Krismasi, hakuweza kurudi. Kuluthum alikuwa amekwama kwa kaka yake Nakuru mjini, kwa hivyo sikuwa na macho. Wamuyu na watu wake thelathini na kitu, wenye walikimbia nyumba zao, walikuwa wanalala darasa la tatu. Ile kamati ya watu tisa tulibaki wanne. Na watoto wako nje, siku nzima wanatupia mbuzi mawe, na mtoto akizoea kutupa mawe, Makokha, hawezi kuishia kwa mbuzi peke yake.

Nikawaita wale watatu. Wamuyu akasema, "Hatuwezi kufungua shule bila ruhusa. Ruhusa iko na ofisa, ofisa yuko Gilgil, na barabara haiko." Nikafikiria. Nikasema, "Basi shule tusifungue. Mimi nitafungua jikoni. Jikoni haina waraka."

Nikawasha moto. Nikatia uji. Moshi ikapanda, na watoto wakauona. Walikuja na vikombe, kutoka kila upande, hata wale wazazi wao walikuwa wameacha kusalimiana. Wakakunywa. Halafu wakaingia madarasani wenyewe, kama kuku wanajua mahali pao pa kulala. Darasa la tatu wakaingia la nne wakabanana. Wale darasa la nane wakafundisha la pili. Walimu wawili wanaishi karibu wakaja. Wamuyu akafundisha kutoa kwa viazi: viazi kumi, toa vinne, na ile umetoa tunapika. Vitabu zikafunguliwa, na hakuna mgongo hata moja ilikatika.

Siku ya kumi na moja, pikipiki. Ofisa mwenyewe, mweupe kwa vumbi mpaka kope.

"Nani amefungua hii shule?"

"Kamati."

"Kwa karatasi gani?"

Hapo ndipo nilijua mwenyekiti anafanya nini. Anatoa karatasi. Nikakimbia kwa ile mkebe ya mafuta ya kupikia naweka mambo ya shule. Nilijua ndani kuna minutes za mkutano wa Novemba, madam aliandika vizuri, chini kuna kidole changu. Nikaona kidole changu, nikampatia. Akasoma. Akasoma tena. Akaniangalia juu ya miwani.

"Mama, hii ni barua ya kujiuzulu."

Makokha! Ni ile yako! Niliweka kidole Oktoba, ndiyo. Nikasema ngoja mtihani uishe nipeleke. Mtihani ukaisha, nikasema ngoja Krismasi. Na sasa nimeipeleka mwenyewe, mkono kwa mkono, mbele ya Wamuyu. Nikafikiria, basi, imekwisha, kidole ni yangu na nimeitoa mimi. Nyuma yangu darasa la pili wanaimba hesabu ya mara saba. Ofisa akasikiliza mpaka wakafika saba mara tisa, wakakosea, wakarudia, wakapata.

Akageuza ile karatasi mbele, akageuza nyuma. Akasema, "Haina tarehe. Barua ya ofisi haina tarehe ni kama haijazaliwa." Akaikunja, akanirudishia. Akauliza, "Uji imebaki?"

Alikunywa vikombe viwili. Ile chai ya mwaka jana nimemlipa.

Sasa nakuuliza, na Kuluthum amerudi kwa hivyo jibu litasomwa mbele yangu neno kwa neno. Wewe, hedimasta wa miaka kumi na saba, mtu alinifundisha mimi mwenye sijui kusoma kwamba barua inaanza na tarehe. Umesahau tarehe?

Namalwa

Magoti?


Webuye,
20 Machi 2008

Dada yangu,

Mulembe. Tumesoma barua yako mara mbili, mara ya pili kwa sauti, mke wangu akicheka na kulia kwa zamu. Sote wazima. Mahindi tumeyapanda.

Sikusahau.

Kila siku ya kazi yangu niliandika tarehe ubaoni kabla ya kuandika kitu kingine chochote. Siku ile niliandika barua nzima vizuri, nikarudi juu kuweka tarehe, mkono ukakataa. Nikajiambia utaiweka wewe. Nilijua huwezi.

Magoti yangu hayajawahi kuuma, dada. Mafuta yako nilimpaka mbwa, na siku hizi anakimbia kama ndama.

Sikustaafu kwa magoti. Wazazi walinitoa. Nilibadilisha sweta za shule kutoka kijani kuwa nyekundu, sikumuuliza mtu. Vitabu nilichagua mwenyewe ofisini, mlango nimeufunga. Viranja pia. Kamati nilikuwa naipa kumbukumbu za mkutano waweke saini kabla mkutano haujafanyika. Siku moja nilifika nikakuta trela ya miwa imeegeshwa langoni, miwa imejaa, magurudumu yametolewa. Hakuna aliyenitukana. Walisimama tu upande wa pili, na watoto wao katika sweta za kijani. Nilingoja hadi saa nne, nikarudi nyumbani. Siku mbili baadaye nilianza kuchechemea.

Kwa hiyo niliposoma habari ya birika, niliona uchungu. Watu sitini na nne! Mimi sijawahi kupangiwa foleni hata ya maji. Ndiyo maana nikakuambia ni chai. Hata kama ilikuwa chai kweli, nayafuta maneno yangu. Baki hapo.

Likizo ya Aprili ningependa kuja kukutembelea. Ningependa kuona vile mnavyoshona vitabu. Sijasema nitawafundisha kitu.

Mdogo wako,
Makokha


Kariandusi,
12 Aprili 2008

Kwa mdogo wangu Makokha,

Mulembe, mulembe, na mulembe kwa mbwa mwenye magoti mazuri. Nimecheka mpaka Kuluthum akaweka kalamu chini. Lakini habari ya trela sikuicheka. Ungeniambia siku hiyo ningekuja na basi ya jioni, nikae na wewe tu hapo langoni.

Sisi ni wazima. Madam Jepkorir amerudi wiki ya pili ya Machi. Alipofika kwa lango alisimama, hajui kama aingie, kama watu wa Wamuyu watamkubali baada ya Januari. Wamuyu ndiye alitoka darasa la tatu na kikombe, akamwambia, "Madam, umechelewa, watoto wako mara nane tayari." Wakashikana hapo. Sasa tumerudi kwa ile mambo yetu, namuuliza maharagwe, ananiuliza mkutano. Uamuzi moja tumefanya tayari: mtu yeyote akifunga hiyo shule siku nyingine, jikoni haifungwi. Madam ameandika, mimi nimeweka kidole, na tarehe iko.

Ile barua yako ya kujiuzulu usitafute. Ilikuwa karatasi ngumu nzuri. Kuluthum ameikata patani, ile ya kupimia kola za uniform. Nusu ya darasa la kwanza wametembea na kujiuzulu kwangu shingoni.

Njoo likizo hii. Lete sindano yako mwenyewe. Ukifika senta usiulize mwenyekiti ni nani, uliza mpishi.

Sasa na mimi niseme yangu, kwa sababu wewe umesema ya magoti.

Ile birika, Makokha, inaingia vikombe kumi na tisa. Nimeipikia miaka, naijua. Mtu wa kumi na tisa alikuwa Kuluthum, huyu hapa, ananiangalia. Wa ishirini alikuwa Wamuyu. Nikainamisha birika, hakuna kitu. Nikamwambia, "Imeisha." Akasema, "Najua." Nikaita kwa sauti, "Chai imeisha, rudini!" Nikageuka, nikaona vile laini imefika mpaka choo cha wavulana. Nikainua birika juu, nikaipindua, mdomo chini, wote waone. Tone moja ikaanguka kwa kiatu yangu.

Hawakutoka. Ofisa alikuwa bado hajafika hata nusu ya kuhesabu.

Hiyo ndiyo sikukuandikia. Nilitaka iwe ni chai, kwa sababu kuchaguliwa kweli niliogopa.

Safiri salama, na upande wa dirishani usikae, vumbi itakufanya mzee kabla hujafika.

Dada yako,
Namalwa, mwenyekiti